Injini Niliyoichagua Mimi

Gari letu la jipu lilikufa likipanda mlima kutoka Ngenge, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, likiwa na boksi la chanjo za ng'ombe nyuma na mume wangu kwenye usukani. Mimi nilikuwa darasani Kanazi, nafundisha kidato cha pili. Simu ikatetemeka mezani, sikuipokea. Ilipotetemeka mara ya tatu nikatoka nje.

"Mwalimu," akasema. Miaka yote ya ndoa yetu aliniita hivyo, na mimi nilimwita Daktari, kama wafugaji walivyomwita, ingawa alikuwa bwana mifugo tu. "Mwalimu, mzee amefariki."

Baba mkwe wangu alikuwa na miaka tisini na tulikuwa tukiishi naye.

"Mzee gani?"

"Jipu."

Nilimgombeza pale pale barazani hadi wanafunzi wakachungulia dirishani. Yeye alikuwa anacheka, lakini nilisikia kicheko hakikuwa na pumzi ya kutosha. Akanieleza kwamba kwanza ulitoka moshi mweupe, halafu injini ikaanza kugonga ndani kama mtu anayetwanga kinu kikavu, halafu kimya. Alirudi nyumbani alasiri kwenye pikapu iliyobeba mbuzi, boksi la chanjo amelipakata. Alinuka mbuzi na hakula. Alisema ni vidonda vyake vya tumbo. Vidonda hivyo alikuwa amevinywea dawa za duka la dawa kwa miezi kadhaa, na mimi nilikuwa nimeshazoea kumwona anasukuma sahani mbele.

Jipu hilo alilinunua kwenye mnada mwaka aliozaliwa binti yetu, mtoto wetu wa pekee. Lilikuwa la misheni, la kijani, lenye injini ya petroli ya silinda sita, nalo lilikunywa mafuta kama ng'ombe waliofika mtoni wakati wa kiangazi. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa kamba ya katani. Mvua ikinyesha, aliyekaa mbele kushoto alilowa goti moja, na aliyekaa mbele kushoto nilikuwa mimi. Lakini halikuwahi kukataa kwenda. Lilimpeleka yeye kwa wafugaji kule bondeni, barabara ikiwa matope matupu, na Jumapili lilibeba kwaya ya usharika. Sijui ni wanawake wangapi wa kijiji chetu walipelekwa kujifungua humo, na wawili walijifungulia humo humo kabla ya kufika.

Kwa hiyo ilipotokea kwamba injini imekufa, hakuna aliyesema tuliuze. Swali lilikuwa moja tu: tuweke injini gani.

Fundi wetu alikuwa na gereji Bukoba mjini. Alikuwa Mwislamu, babu yake alikuja kutoka pwani kufanya biashara ya ngozi akaoa Mhaya, na yeye alizaliwa na kuzeekea pale pale. Alikisema Kihaya kama sisi, ila Kiswahili chake kilikuwa na utamu ambao sisi tuliokipata shuleni hatukuwa nao. Jipu lilivutwa hadi kwake, akalifungua siku mbili, siku ya tatu akatuita.

"Daktari, njoo uone mwenyewe," akasema. Akamulika kwa tochi ya simu. Kwenye chuma, kati ya silinda mbili, palikuwa na mstari mwembamba mweusi kama unywele. "Bloku imepasuka. Hapa hata nikikudanganya, Mungu ananiona."

Mume wangu aliupitisha ukucha juu ya mstari ule. Nilidhani atahuzunika. Badala yake alisimama wima, akafuta mkono kwenye suruali, akasema, "Basi tutafute nyingine," na uso wake ulikuwa wa kijana anayetumwa kwenda kuangalia mchumba.

Wiki tatu zilizofuata alikuwa mtu mwenye furaha. Alipima kwa futi ya fundi nguo nafasi iliyobaki ndani ya boneti. Aliwapigia simu madereva wa zamani, wauza vipuri, na mchungaji mmoja ambaye aliwahi kuwa na jipu kama letu. Jioni alinieleza mambo ambayo sikuyaelewa, nami niliitikia huku nasahihisha madaftari. Nilijua tu kwamba anakula kidogo kuliko mbuzi mgonjwa na mkanda wake ameutoboa tundu jipya.

Jumamosi moja tulikwenda Izimbya na fundi, kwenye pikapu yake, kumwona mzee mmoja aliyekuwa dereva wa chama cha ushirika. Mzee huyo alikuwa na jipu ndugu na letu, limezama kwenye majani nyuma ya nyumba, chini ya migomba, na ndani yake walikuwa wanalala mbuzi. Injini aliitunza. Alikuwa ameifunika kwa gunia na kuizungushia majani makavu ya migomba, kama watu wanavyofunika ndizi ziive.

"Hii na ya kwako ni damu moja," yule mzee akamwambia mume wangu. "Zimezaliwa tumbo moja."

Mume wangu alifungua plagi moja, akanusa, akaishika feni kwa mkono na kuizungusha taratibu, sikio karibu na chuma. Ilipozunguka, alifumba macho. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo kwenye ubavu wa ng'ombe mara nyingi.

"Ni damu moja kweli, waitu, mzee wangu," akasema mwishowe. "Na ugonjwa wa ukoo wanao wote wawili. Ukiiwasha leo, kesho tutakutana tena hapa."

Yule mzee hakukasirika. Tulikunywa juisi ya ndizi, tukaongea kuhusu bei ya kahawa, tukaaga. Tulipofika katikati ya njia mume wangu akamwomba fundi asimame. Alishuka, akashika shina la mti, akatapika. Nilimfuata. Nilichokiona kwenye majani kilikuwa cheusi chenye chembechembe, kama masalia ya kahawa chini ya birika. Fundi alileta dumu la maji aliyoyabeba kwa ajili ya rejeta, akammiminia mikononi. Hatukwenda gereji. Tulikwenda moja kwa moja hospitali, na baada ya siku nne tukapewa barua ya kwenda Mwanza.

Aliyetupa majibu Mwanza alikuwa daktari mwanamke, kijana, wa umri wa binti yetu. Alivuta kiti akakaa karibu, na alipovuta kile kiti nilijua. Alisema ni saratani ya tumbo na imeshafika kwenye ini. Alisema watafanya wanaloweza ili asiumie.

"Miezi mingapi?" mume wangu akauliza.

"Hatuhesabu hivyo, baba yangu."

"Sisi kwa ng'ombe tunahesabu," akasema. Hakusema kwa ukali. Yule binti akainamisha kichwa akaandika kitu ambacho nadhani hakikuwa na haja ya kuandikwa.

Kesho yake nilitaka apumzike kwenye nyumba ya wageni. Akakataa. Alisema tuko Mwanza, na Mwanza kuna yadi za injini za mitumba kutoka Japani, itakuwa ujinga kurudi Bukoba bila kuangalia. Nilimwona amechanganyikiwa na habari ile. Lakini nikamfuata, kwa sababu ningefanya nini kingine?

Yadi ilikuwa banda refu la mabati. Injini zilipangwa juu ya mbao, nyingine zimefungwa kwa nailoni, nyeusi na zenye mafuta. Muuzaji alitupitisha mpaka mwisho, akatuonyesha moja ya dizeli, kubwa, yenye tabo ya kuiongezea nguvu, aliyosema ilitoka kwenye gari lililotembea kidogo sana. Akaunganisha betri na dumu la dizeli, akaiwasha pale pale juu ya stendi yake. Sijawahi kujali injini maishani mwangu. Lakini ile iliponguruma, nilisikia sakafu inatetemeka hadi kwenye nyayo. Ilikuwa na nguvu ambayo sisi wawili tulikuwa tumeiacha kwenye kile chumba cha daktari jana yake.

Mume wangu aliwahi kuniahidi kwamba akistaafu tutakwenda Arusha kwa jipu, wenyewe, siku tatu njiani, kumwona binti yetu aliyeolewa huko na mjukuu ambaye tulikuwa tumemwona kwenye simu tu. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Niliposimama mbele ya ile injini niliiona safari ile yote.

"Hii," nikasema. "Daktari, tuchukue hii."

Aliiwekea kiganja juu, ikiwa bado inatetemeka. "Ni dume zuri," akasema. "Lakini si la zizi letu."

Nje, tukiwa tumekaa kwenye benchi la mama ntilie, alinieleza. Aliongea taratibu kwa sababu ya maumivu. Ile injini ni nzito, itakalia springi za mbele. Giaboksi yetu ni ya zamani, haitaivumilia, itavunjika meno. Inaendeshwa na kompyuta, na ikigoma, mtu wa kuigusa yuko Mwanza. Halafu akasema kwamba fundi wetu amempata mtu Bukoba mwenye injini ndogo ya dizeli, silinda nne, haina tabo wala kompyuta, imetoka kwenye pikapu iliyogongwa kwa nyuma.

"Hiyo kila fundi wa Muleba anaijua," akasema. "Vipuri vyake viko hata kwa wauza misumari. Inapanda mlima kama bibi anayekwenda kanisani, lakini inafika."

Nilimsikia. Ninachotaka kieleweke ni kwamba nilimsikia vizuri kabisa, na nilielewa. Mimi si mtu mgumu wa kuelewa.

Tulirudi Kanazi. Wiki zikapita, akawa anakwenda kazini siku moja, analala siku tatu, mwisho hakwenda tena. Fundi alipiga simu mara mbili kuuliza tumeamua nini, kwa sababu mwenye ile injini ndogo alikuwa na wateja wengine. Kila mara nilimwambia bado. Niliogopa ile injini ndogo. Niliiona kama nguo ya msiba inayoletwa nyumbani kabla ya mtu kufa.

Jumapili moja baada ya ibada, baba mkwe akiwa amejilaza chumbani kwake, mume wangu aliniita sebuleni. Alikuwa kwenye kochi, na blanketi magotini ingawa kulikuwa na jua.

"Mwalimu, mpigie fundi. Mwambie afunge ile ndogo."

"Ile ndogo haiwezi kufika Arusha."

"Itafika. Itachelewa tu."

"Wewe hupendi gari linalochelewa. Siku zote ulisema ukipata injini ya maana utafika Ngenge kabla ya jua kuwaka. Leo umeipata, unaikataa. Kwa nini?"

"Ile kubwa inataka mtu anayeijua. Mimi namchagulia mtu atakayeendesha."

Nilijua anamsema nani. Nilikuwa sijui kuendesha. Mara mbili alijaribu kunifundisha, mara zote mbili tuligombana kabla ya kufika barabarani. Na sasa alikuwa amekaa pale, chini ya picha yetu ya harusi, ananipangia maisha ambayo yeye hayumo.

Nikasema, "Basi ukimaliza kunichagulia injini, nichagulie na mume kabisa."

Maneno hayo niliyasema kwa sauti ya kawaida. Sikupiga kelele. Nimeyarudia kichwani mara nyingi kuona kama yalikuwa na njia nyingine ya kusikika, na sijaipata.

Alinitazama muda mrefu. Macho yake yalikuwa yameshaanza kuwa ya njano. Nilitegemea atanikaripia, na angenikaripia ningelia na mambo yangeisha. Lakini alivuta blanketi juu kidogo, akasema, "Haya. Nunua unayoitaka, Mwalimu."

Nami nikaichukua ile kuwa ruhusa. Niliichukulia kuwa ni ushindi! Jumatatu, wakati wa mapumziko ya saa nne, nilisimama nyuma ya bweni la wasichana nikampigia simu yule muuzaji wa Mwanza, nikamwambia ailete kwa meli.

Binti yetu alipofika kutoka Arusha na mtoto mgongoni, nilimweleza kwa fahari. Aliniangalia akaniuliza, "Mama, baba amekubali?" Nikamwambia amekubali. Halikuwa jambo la uongo.

Injini ilifika bandarini Bukoba wiki ambayo mume wangu hakuweza tena kuketi bila kushikwa. Nilikwenda kuipokea na fundi. Ilikuwa ndani ya kreti ya mbao, na fundi alipobandua ubao mmoja akatazama ndani, hakusema ni nzuri wala mbaya. Alisema, "Sawa, mama mwalimu. Tutajitahidi, inshallah." Nilipoiona gerejini kando ya jipu letu, nilielewa kwa macho tu. Ilikuwa ndefu kuliko nafasi yake. Ilikuwa kama ng'ombe anayetaka kuingizwa kwenye banda la kuku.

Nilirudi nyumbani jioni ile, mume wangu akiwa macho. Binti yetu alikuwa amemlaza ubavu, anamlainisha midomo kwa kitambaa chenye maji. Mume wangu aliponiona akamwashiria binti atupishe.

"Imefika?"

"Imefika."

"Wameifunga?"

Nikasema, "Wameifunga."

"Imewaka?"

"Imewaka mara ya kwanza tu. Fundi mwenyewe amestaajabu. Unaisikia hadi barabarani."

Alitabasamu. Midomo yake ilikuwa mikavu ikapasuka kidogo. Halafu akauliza, kwa ile sauti aliyokuwa akiwauliza wafugaji waliokuwa wakimficha idadi ya ng'ombe waliokufa, sauti ya upole kabisa, "Giaboksi wamefanyaje?"

Nilitafuta kichwani neno lolote la gereji, sikuliona. Nilibaki nimemshika mkono, na saa ya ukutani ikawa inasikika.

Hakuniuliza tena. Aligeuza kichwa kuelekea dirishani akasema, "Migomba ile ya upande wa choo inataka kupunguzwa. Mnaiacha inasongana." Nikasema nitawaambia vijana wa jirani. Akasema nisisahau. Tukaongea kuhusu migomba hadi alipopitiwa na usingizi. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho ya maana. Baada ya hapo yalikuwa ya maji, na mto, na kugeuzwa.

Alikufa siku ya Alhamisi, kabla ya mchana, nikiwa nimetoka kuanika shuka. Binti yetu aliniita mara moja tu, wala hakupaza sauti.

Mwili wake ulipotoka mochwari mjini ulikuja Kanazi kwenye gari la kukodi. Watu waliomjua walishangaa. Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza taratibu kwa nini Daktari hakuja na jipu lake, nikasema liko kwa fundi. Wafugaji walikuja kutoka Ngenge wamejazana kwenye lori, na fimbo zao, wengine sijawahi kuwaona, wakasimama pembeni mwa kibanja, shamba letu la migomba, bila kujua wakae wapi mpaka tulipowatandikia majani. Mmoja wao aliniambia kwamba mume wangu alilala zizini kwake siku tatu wakati wa ugonjwa wa miguu na midomo, na hakuwahi kunieleza jambo hilo.

Tulimzika kibanjani, upande wa juu, karibu na mama yake. Baba mkwe aliwekewa kiti kando ya kaburi. Mchungaji alipomaliza, yule mzee aliomba ashikwe asimame. Alitazama chini kwenye shimo, akasema kwa Kihaya, kisha akarudia kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni, "Mwanangu, zamu ilikuwa yangu. Umenipita kwenye foleni." Akaketi. Mimi sikulia mpaka aliposema hivyo, na nilipoanza, walinitoa.

Baada ya arobaini nilikwenda gereji. Jipu lilikuwa juu ya mawe, boneti imetolewa, kuku wa jirani wanapita chini yake. Ile injini kubwa ilikuwa bado kwenye kreti. Fundi alinipa kiti, akaagiza chai, akaniambia ukweli wote. Ili ikae, lazima akate chesisi, abadilishe giaboksi, springi na rejeta, na hata hivyo hawezi kunihakikishia.

"Kwa nini hukuniambia siku ile bandarini?"

Aliizungusha glasi ya chai kwenye kiganja. "Daktari alinipigia simu, mama mwalimu. Kabla haijafika. Akaniambia, 'Mke wangu anakuja na injini. Pokea, usibishane naye. Mwache kwanza.'"

"Hakusema kingine?"

"Alisema, 'Akija yeye mwenyewe kuuliza, ndipo umwambie.'"

Nilikaa pale hadi chai ikapoa. Fundi aliendelea na kazi zake, akinipita kama mtu anayepita kando ya mgonjwa aliyelala. Mwisho nikamuuliza kuhusu ile injini ndogo. Akasema iliuzwa zamani, siku chache baada ya mimi kumwambia bado kwa mara ya pili. Aliinunua mwenye mashine ya kusaga huko Muleba.

Nilikwenda kuiona. Sijui kwa nini. Nilipanda gari hadi Muleba siku ya gulio, nikaulizia, nikaelekezwa kwenye kibanda kilichotapakaa unga mweupe hadi kwenye paa. Injini ilikuwa imefungwa kwenye saruji, imeungwa kwa mkanda na kinu, inaunguruma taratibu bila kuchoka, na wanawake wamepanga foleni na madebe ya mahindi. Mwenye mashine aliniuliza kama nataka kusaga. Nikamwambia nimekuja kuangalia injini tu. Akasema, "Hii? Hii haina maneno, mama. Nimeisahau." Nilitaka kumwambia aniuzie. Sikumwambia. Wale akina mama walikuwa na watoto wa kulisha.

Ilichukua karibu mwaka kupata nyingine ya aina ile. Ile kubwa nilimrudishia muuzaji wa Mwanza kwa hasara, na sikujali. Binti yetu alinisaidia kutafuta kwenye simu, fundi akaenda kuikagua Biharamulo, akanitumia picha. Nilimuuliza maswali yote niliyoweza kuyakumbuka kutoka kwenye zile jioni nilizokuwa nasahihisha madaftari. Uzito. Springi. Nikamuuliza giaboksi itafanyaje. Fundi akacheka kidogo, akasema, "Itakaa bila kukatwa kitu, mama mwalimu. Daktari alikuwa amepima."

Kuendesha nilifundishwa na fundi mwenyewe, nikiwa na miaka hamsini na sita, kwenye uwanja wa shule siku za Jumamosi. Alikuwa na subira nyingi. Binti yetu ananihimiza niende Arusha. Nimefika Muhutwe, nimefika Muleba, na mara moja nimefika Ngenge kuwapelekea wafugaji mikasi na sindano za Daktari, maana kwangu zilikuwa zinapata kutu. Malori yananipita. Baiskeli za kubeba ndizi zinanikaribia mlimani, na vijana wanaoziendesha wananisalimia kwa kuvuta maneno, wananitania. Gari linafika.

Binti yetu anasema baba yake alijua kwa nini nilifanya vile, na kwamba hakunichukia hata saa moja. Nami najua hivyo. Kujua hakujanisaidia kama yeye anavyodhani. Mtu niliyempenda alikuwa amebakiza wiki chache za kuongea, akataka kuongea nami kuhusu nitakavyoishi, na mimi nikamnyamazisha. Alikuwa na mengine ya kuniambia, naamini hivyo, zaidi ya injini. Sijui ni yapi.

Wiki iliyopita nilikuwa natoka kwenda mjini, nimeshafunga mlango wa nyumba na kumuaga baba mkwe barazani. Nikafungua jipu, nikaingia, nikaweka mkoba magotini, nikakaa nasubiri. Nilikuwa nimekaa upande wa kushoto, mahali pangu pa zamani. Mzee akaniangalia kutoka kwenye kiti chake. Halafu akainamisha kichwa akajifanya anatafuta fimbo yake, ili nishuke bila kuonekana.